Daktari wa Wanyama Anajibu: Paka mzee mwenye presha ya 210

Swali: Daktari, habari za kazi. Paka wangu jike ana miaka 14. Ghafla ameanza kujigonga kwenye miguu ya meza, na macho yake yamekuwa meusi tupu. Nikadhani ni uzee. Daktari aliyempima amesema presha ni 210 na retina (utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga) za macho yote mawili zimebanduka. Ametuandikia amlodipini, dawa ya presha ambayo mimi mwenyewe naitumia. Je, naweza kumkatia vidonge vyangu? Na hiyo presha ameitoa wapi, wakati hali chumvi wala hana mawazo?

Jibu: Pole sana, ndugu yangu. Nianze na vidonge, maana hapo ndipo penye hatari ya karibu. Dawa ni ile ile, ni kweli, ila vidonge vya watu huwa vya miligramu 5 au 10. Paka wengi huanzishiwa miligramu 0.625 kwa siku, yaani sehemu moja ya nane ya kidonge cha 5. Wenye presha ya 200 na kuendelea, kama wako, mara nyingi huanzishiwa 1.25. Jaribu kukata kidonge vipande vinane kwa kisu uone: kimoja kinatoka kinene, kingine kinabaki unga. Leo atapata dawa nyingi, kesho kidogo. Isitoshe, baadhi ya vidonge vya presha vya watu vimechanganywa na dawa ya pili ndani yake. Kwa hiyo usimkatie vyako. Mpe alichoandikiwa, kila siku, saa ile ile, na usimwachishe eti kwa kuwa anaonekana amechangamka.

Macho meusi uliyoyaona ni mboni zilizopanuka. Presha inapokuwa kubwa, mishipa midogo ya nyuma ya jicho huvuja, majimaji yanakusanyika chini ya retina na kuisukuma mpaka inabanduka. Retina iliyobanduka haipokei mwanga, basi mboni inabaki wazi hata ukimmulika tochi. Presha ikishushwa mapema, retina huweza kurudi mahali pake na paka akaona tena kiasi. Si wote wanaobahatika, na kadiri siku zinavyopita ndivyo nafasi inavyopungua. Ndiyo maana nasisitiza aanze dawa leo hii, asisubiri vipimo vingine vyote vikamilike.

Kuhusu chanzo, chumvi na mawazo viweke kando. Kwa paka mzee, mtuhumiwa wa kwanza ni figo. Wa pili ni tezi dundumio, ile ya shingoni, inapofanya kazi kupita kiasi: paka anakula sana huku anakonda. Mara chache ni tezi ya adrenali iliyo juu ya figo. Wapo pia ambao tunapima kila kitu na chanzo hakionekani. Mwombe daktari wako apime damu kwa ajili ya figo na homoni ya tezi, na mkojo kuona kama unapitisha protini. Tezi ikitibiwa, figo zipimwe upya, kwa sababu tezi inayokwenda mbio huweza kuficha ugonjwa wa figo.

Wengi huniuliza kama paka hapandishi presha kwa woga tu. Hupandisha, ndiyo. Kwa sababu hiyo paka anatakiwa kukaa dakika 5 hadi 10 kwenye chumba kimya, mwenye paka akiwa karibu, kabla hajaguswa. Mkanda wa kupimia presha unafungwa mguu wa mbele au shina la mkia, na upana wake uwe asilimia 30 hadi 40 ya mzunguko wa sehemu hiyo. Mkanda mwembamba mno unatoa namba kubwa ya uongo. Kipimo cha kwanza kinatupwa, kisha vinachukuliwa 5 hadi 7 mfululizo na kutafutwa wastani. Chini ya 140 hatuna wasiwasi. Kuanzia 160 tunaita presha, na 180 na kuendelea ni presha kali. Huyu wako ana 210 na macho yameshaumia; hapo usidanganyike kuwa ni woga.

Mrudishe baada ya siku 7 hadi 10, apimwe sehemu ile ile ya mwili. Tunataka ashuke chini ya 160. Kwa sasa usihamishe samani wala sahani yake ya maji, na umwite kwa sauti kabla ya kumshika.

Na kwa wasomaji wenye paka waliofika miaka 10: msisubiri meza igongwe. Ombeni presha ipimwe angalau mara moja kwa mwaka.

Swali: Mbwa wangu wa miaka 9 ana ugonjwa wa Cushing (mwili kuwa na homoni ya kotisoli kupita kiasi), na presha imesoma 165. Je, mishipa yake itaziba mafuta kama ya binadamu?

Jibu: Ni nadra sana kwa mbwa. Wanaopata mafuta kwenye mishipa ni hasa wale ambao tezi dundumio yao imelegea, au wenye kisukari. Kinachonihangaisha zaidi ni kwamba Cushing huifanya damu igande kwa urahisi, na damu iliyoganda huweza kwenda kuziba mshipa wa mapafu. Akianza kuhema kwa shida ghafla, mkimbize kwa daktari saa hiyo hiyo.

Hiyo 165, kama macho na figo viko salama, irudiwe siku nyingine kabla ya kuanza dawa. Cushing yenyewe itibiwe, ingawa wapo mbwa ambao presha hubaki juu hata baada ya hapo. Hao huongezewa dawa kama benazeprili au enalaprili. Siku ya kurudi, kinga mkojo wake wa asubuhi kwenye chombo safi na uende nao, upimwe protini.