Dumu la mafuta, soda ya mchana na wali wa ukweni

Karibu kila ujumbe wa wiki hii unahusu uzito, na wengi mmeomba ratiba ya siku saba. Sina. Anayenijia na ratiba huwa namuuliza: hiki unachotaka kuanza Jumatatu, mwakani masika utakuwa bado unakifanya? Akicheka, tunaanza upya.

*Shikamoo daktari. Niliacha ugali na wali wiki mbili nikapungua kilo nne. Wiki hii nimekula ugali mara mbili tu, kilo mbili zimerudi. Mwili wangu una nini? (Mama wa wawili, Mbagala)*

Marahaba, ila mimi si daktari, ni mtu wa lishe tu. Mwili wako ni mzima. Wanga tunaokula, sehemu yake huwekwa akiba kwenye ini na misuli, na kila gramu ya akiba hiyo hukaa na maji kama gramu tatu. Ukiacha ugali, akiba inatumika na maji yake yanatoka, mizani inashuka, unafurahi. Ukila tena, akiba inajaa na maji yanarudi. Hizo kilo mbili kwa sehemu kubwa ni maji.

Ugali usiuache, punguza bonge. Sahani zetu nyingi ni mlima wa ugali na mchicha kidogo wa kusindikizia. Geuza: matembele, mchicha au kabichi ijae nusu ya sahani, robo iwe maharage, samaki au dagaa, ugali ubaki robo, kama ngumi yako. Ukipata dona badala ya sembe, bora zaidi, inakaa tumboni. Na mizani panda mara moja kwa wiki, siku ileile, asubuhi kabla ya chai. Nusu kilo kwa wiki ni mwendo mzuri sana.

*Mimi sili sana. Asubuhi chai na chapati mbili, mchana soda na andazi kijiweni, jioni soda nyingine, usiku ndiyo nakula nyumbani. Kitambi kinatoka wapi? (Bodaboda, Morogoro)*

Kinatoka kwenye chupa, kaka. Soda ya mililita 350 ina sukari zaidi ya gramu 35, karibu vijiko tisa vya chai. Zako mbili ni kumi na nane, na chai ya asubuhi sijaigusa. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2015: sukari ya kuongeza isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikiwezekana ishuke chini ya asilimia 5, yaani kama vijiko sita. Wewe unavuka hapo kabla ya saa nane mchana. Halafu soda haishibishi. Ungekula mihogo yenye nishati hiyohiyo ungesikia tumbo limejaa, lakini soda inapita tu na usiku unakula kama kawaida.

Usiache zote kesho, utarudi Alhamisi. Anza na ile ya jioni: chupa ya maji ikae kwenye pikipiki, uwe unakunywa kabla kiu haijakukamata. Ikishazoeleka, njoo kwenye ya mchana. Sukari ya chai ipunguze nusu kijiko kila wiki mbili. Ulimi unazoea, mimi nilitoka vitatu hadi nusu, na siku hizi chai ya msibani inanishinda kwa utamu. Na chapati moja ibadilishe na yai la kuchemsha.

Utaniuliza juisi ya miwa. Ni sukari ileile, makapi yamebaki kwenye mashine. Chungwa zima utachoka ukila la pili, ila glasi ya juisi inameza matatu na hujakaa chini.

*Tuko wanne nyumbani, wote watu wazima na wote tumenenepa. Hatuli nje, hatupendi soda. Napika mwenyewe. Dumu la lita tano linakwenda wiki mbili. (Ukonga)*

Dada, jibu umeliandika wewe mwenyewe kwenye sentensi ya mwisho. Chukua kalamu tuhesabu. Mililita 5,000, gawanya kwa siku 14, gawanya kwa watu wanne: kama mililita 90 kwa kila mtu kwa siku. Hivyo ni vijiko sita vya chakula, na kijiko kimoja cha mafuta kina kalori kama 120. Mnakula zaidi ya kalori 700 za mafuta matupu kila mmoja kabla hatujahesabu wali, mchuzi wala nyama. Gramu ya mafuta ina kalori 9, ya sukari au wanga ina 4. Ndiyo maana chakula kinaweza kuonekana kidogo kwenye sahani na bado kikanenepesha.

Yanaingiaje? Nilikaa jikoni kwa jirani yangu mmoja nikamwangalia akipika mchicha. Alishika dumu kwa mkono mmoja, akainamisha, mafuta yakatoka "glu, glu", kitunguu kikawa kinaogelea. Nikamwomba amimine kiasi kilekile kwenye kikombe tukipime kwa kijiko. Vilikuwa vijiko tisa, kwa mafungu matatu ya mchicha. Alishtuka yeye kuliko mimi.

Basi fanya hivi. Dumu lisikae karibu na jiko. Hamishia mafuta kidogo kwenye chupa ndogo, na uyatie sufuriani kwa kijiko: viwili kwa mboga ya watu wanne vinatosha, kitunguu kikianza kushika ongeza maji kidogo au nyanya. Vya kukaanga (samaki, viazi, maandazi) viwe na siku yake, mara moja kwa wiki, si kila jioni. Mchuzi wa nazi hauhitaji mafuta mengine juu yake, tui lina mafuta yake tayari. Kisha andika kwa kalamu nene ubavuni mwa dumu tarehe uliyolifungua. Likifika wiki tano, mmefanya kazi kubwa, na hakuna aliyelala njaa. Mfuko nao utashukuru.

*Chai ya kuondoa tumbo inayouzwa mitandaoni inafanya kazi? (Mwanafunzi, Dodoma)*

Inafanya kazi ya kukupeleka chooni. Soma pakiti: ukikuta neno senna, hiyo ni dawa ya kulainisha choo. Inafanya kazi kwenye utumbo mpana, wakati chakula kimeshanyonywa kwenye utumbo mwembamba. Unapoteza maji na chumvi, mafuta yanabaki palepale. Maji ya limao ya asubuhi hayana ubaya huo, lakini nayo hayayeyushi kitu.

*Bia mbili za Ijumaa zina shida? (Baba, Arusha)*

Chupa ya nusu lita ina kalori kama 200. Zikiwa mbili kweli, sina neno. Ila mnajua ninyi na raundi zenu, na kile kitimoto cha saa tano usiku na ndizi za kukaanga.

*Nina kisukari, natumia vidonge. Nataka kuacha chakula cha usiku nipungue haraka. (Tanga)*

Usianze bado. Baadhi ya vidonge, kama glibenklamidi, na insulini pia, vinaendelea kushusha sukari hata usipokula. Utajikuta unatoka jasho, unatetemeka, unachanganyikiwa usiku watu wamelala. Nenda kliniki na kadi yako, waambie unataka kupunguza uzito, wapange dawa na mlo pamoja. Kupungua hata asilimia 5 ya uzito wako kunasaidia sukari na presha, kwa hiyo nia yako ni nzuri, njia ndiyo si salama.

*Ukweni tunakula kwenye sinia. Mama mkwe anasukumia wali upande wangu, nikiacha ananuna, anasema mwanawe hanilishi. (Unguja)*

Pole, hapa wali ndio mapenzi yenyewe. Kwetu mtu akinenepa tunasema kanawiri, akikonda tunauliza anaumwa nini. Usimhubirie mama kuhusu kalori. Siku ya kwenda, usifike na njaa. Kula tunda kabla ya kutoka. Ukifika ingia jikoni, kata wewe kachumbari na uikate nyingi. Kwenye sinia anza nayo, na samaki, kwa tonge ndogo, ukisifia mchuzi. Wanaosukumiwa wali ni wale wanaokaa mikono mitupu mapema. Na akisukuma, usiurudishe, sogeza kidogo kidogo kwa shemeji aliye pembeni yako. Mashemeji wa kiume hawakatai.