Fundi, niweke oili gani? Majibu kwa wanaoshinda barabarani

Maswali ya wiki hii karibu yote yametoka kwa watu ambao chombo cha moto ndicho shamba lao: boda, teksi, Noah ya shule, daladala. Nawajibu kama ninavyowajibu gereji.

Fundi, Boxer yangu klachi inateleza tangu nimwage oili. Dukani walinipa oili ya gari, wakasema ni ya bei ya juu kwa hiyo ni bora zaidi. (Dereva wa boda, Mbagala Rangi Tatu)

Mdogo wangu, oili yenyewe huenda haina kasoro, ila si ya hapo. Klachi ya gari la gia za mkono huwa kavu, iko nje ya injini. Kwenye Boxer, oili ile ile inalainisha injini na gia, na klachi nayo inaogelea humo humo. Oili nyingi nyepesi za magari ya petroli zimetiwa viungo vya kupunguza msuguano ili gari lisile sana mafuta, na klachi inaishi kwa msuguano. Ndiyo maana unatia resi, injini inalia, pikipiki haisogei, hasa ukiwa na abiria mlimani. Mwaga leo hii. Nunua iliyoandikwa JASO MA au MA2, yaani alama ya oili ya pikipiki ambazo klachi yake inaogelea kwenye oili, kwa uzito uliotajwa kwenye kitabu cha pikipiki. Kama pleti hazijaungua, klachi itashika tena. Halafu usivuke kilometa 2,000 bila kubadilisha. Injini yako inapozwa na upepo, na ukisimama kwenye foleni ya Mbagala huo upepo haupo.

Shikamoo fundi. Naendesha IST teksi ya mtandaoni, injini ya 1NZ. Fundi wangu anasema 5W-30 ni ya Japani kwenye baridi, kwa joto la Dar niweke 20W-50. Ni kweli? (Sinza)

Marahaba. Hili nalisikia kila siku, na linaumiza injini nyingi pole pole. Namba yenye W inaeleza oili inavyotiririka kwenye baridi: 5W hupimwa kwenye nyuzi 30 chini ya sifuri, 20W kwenye 15 chini ya sifuri. Dar haikaribii huko. Namba ya pili ndiyo uzito wake ikiwa imepata moto, kwenye nyuzi 100. Sasa, ndani ya injini joto linaongozwa na thamostati pamoja na feni na rejeta. Kama hivyo vitatu ni vizima, joto la maji ya injini halitapishana sana iwe uko Kariakoo saa nane mchana au Makambako alfajiri.

VVT-i ya IST, yaani mfumo unaobadilisha muda wa valvu kufunguka, inasukumwa na oili hiyo hiyo kupitia vitundu vyembamba. Oili nzito inachelewa kufika asubuhi unapowasha, na dakika hiyo ya kwanza ndiyo inayokwangua chuma. 20W-50 haitaua gari lako kesho, lakini baki na 5W-30. Kama injini imeshazeeka na oili inapungua kidogo, nenda 10W-40, usivuke hapo.

Kinachokuumiza zaidi ni ile kadi ya kubadilisha oili kila kilometa 5,000 uliyoning'iniziwa. Piga hesabu. Anayekwenda Morogoro na kurudi kwa wastani wa kilometa 50 kwa saa, kilometa 5,000 ni saa 100 za injini. Wewe kwenye foleni ya Mwenge na Ubungo, kwa wastani wa 15, ni saa 333. Kilometa hazisogei, injini inaunguruma, AC imewashwa, oili inapikwa. Oili ya kawaida imwage kwa kilometa 3,000, sintetiki kwa 5,000, na filta mpya kila mara. Anayekubadilishia oili na kuacha filta ya zamani anakurudishia uchafu ndani.

Noah yangu ya watoto wa shule inakula oili, lita moja kila wiki mbili. Nimeuziwa dawa nzito ya kuchanganya, moshi ulikata siku kumi ukarudi. Niongeze chupa ya pili? (Mama mwenye Noah, Tegeta)

Hapana, mama. Oili nzuri inatoka kiwandani ikiwa na dawa zake tayari: za kuosha, za kushikilia masizi yasigande, zinki na fosforasi za kukinga vyuma visikwaruzane, za kuzuia povu. Zimepimwa zikae pamoja. Dawa nzito ya chupa kwa kawaida ni uzito tu. Inaziba mwanya kwa siku chache, moshi unapungua, na ugonjwa unaendelea.

Mwaka jana nilifungua kava la tapeti la Noah iliyokunywa dawa za namna hiyo muda mrefu, oili ikiongezwa bila kumwagwa. Juu ya kemu palikuwa na utando mweusi kama lami ya jana, unachimbika kwa bisibisi. Chini, chujio la sampu, bakuli la oili chini ya injini, lilikuwa limezibwa nusu nzima. Taa ya oili ilikuwa inapepesa kwa wiki kadhaa, na dereva alidhani ni waya.

Anza na cha bei nafuu: ile valvu ndogo ya kupumulia injini, ikiziba injini inanywa oili. Kisha angalia moshi wa buluu unatoka lini. Ukitoka asubuhi gari linapowashwa halafu ukakata, shuku sili za valvu. Ukitoka unapokanyaga kupanda mlima, shuku ringi. Fundi apime kompresheni, atie kijiko cha oili kwenye silinda, apime tena. Ikipanda, ni ringi. Sili za valvu si kazi ya kuvunja injini nzima, na hela za chupa nne za dawa zingekuwa zimeshaanza kuilipia.

Naweza kuosha injini kwa dizeli kabla ya kuweka oili mpya? (Kigogo)

Usifanye hivyo. Dizeli hailindi beringi, na inayobaki ndani inaichujua oili mpya. Badilisha oili mara mbili kwa karibu karibu, itaosha yenyewe.

Nitajuaje oili feki? (Buguruni)

Kwa macho na pua peke yake, mara nyingi huwezi. Nunua duka moja linalokupa risiti, kagua sili ya mfuniko na namba ya toleo, na ukiona bei imeporomoka mno, ondoka. Ukimaliza, toboa dumu kabla ya kulitupa, maana dumu zima la chapa inayoaminika linajazwa tena.

Coaster yangu ya dizeli, oili inakuwa nyeusi siku tatu tu baada ya kubadilisha. Na leo asubuhi kwenye dipstiki nimeona rangi kama chai ya maziwa. (Gongo la Mboto)

Weusi usikutishe, ni masizi ya dizeli, na oili inayoyabeba inafanya kazi yake. Ila rangi ya chai ya maziwa ni maji ndani ya oili, huenda gasketi ya silinda hedi au kipoza oili. Usiwashe hata kulisogeza kituoni. Livutwe.