Marekebisho ya Mpango wa Mafao Yasiyo na Sahihi

SWALI: Mimi ni mhasibu wa taasisi yenye makao makuu Marekani na ofisi hapa Dodoma. Makao makuu yanafunga mpango wa mafao ya uzeeni wa wafanyakazi wa huko, na yanataka barua kutoka IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, inayothibitisha kwamba mpango unakidhi masharti ya kodi. Marekebisho mawili ya zamani, ambayo mkurugenzi aliyekuwa hapa anasema aliyasaini, yamebaki nakala laini zisizo na sahihi. Je, asaini sasa na kuandika tarehe ya wakati ule? Msomaji, Kisasa.

JIBU: Ndugu msomaji, nakusihi msifanye hivyo. Kurudisha tarehe nyuma ni kughushi, nako hugeuza kasoro inayorekebishika kuwa kosa la jinai.

Fomu 5310, inayotumika kuomba barua hiyo mpango unapofungwa, hutakiwa kuambatana na marekebisho yenye sahihi na tarehe. Kwa hiyo anzeni kwa kutafuta kwa bidii: majalada ya masijala, barua pepe za mkurugenzi, wakili aliyeandaa hati, na kampuni inayosimamia mpango. Mara nyingi ukurasa wa sahihi huskaniwa peke yake na kutumwa kama kiambatisho chenye jina lisiloeleweka, hivyo fungueni kila kiambatisho cha miezi ile. Mkikosa, kusanyeni muhtasari wa kikao cha bodi, barua ya kusindikiza na maelezo ya kiapo ya mkurugenzi. Ushahidi wa namna hii una uzito: mwaka 2018, katika shauri la Val Lanes, Mahakama ya Kodi ya Marekani iliridhika kwamba hati ilisainiwa kwa wakati ingawa nakala yenye sahihi haikupatikana. Hata hivyo, mzigo wa kuthibitisha ni wa mwajiri, na mimi nisingeweka mafao ya watu rehani kwa shauri moja.

Ushahidi ukiwa dhaifu, mwajiri apitishe marekebisho hayo sasa, kwa tarehe ya leo, yakieleza kwamba yanatumika tangu siku iliyopaswa, kisha aombe kusahihisha kasoro kwa hiari kupitia utaratibu wa IRS uitwao VCP, chini ya mwongozo wake 2021-30. Maombi hupitia tovuti ya Pay.gov kwa Fomu 8950, pamoja na ada. TRA haihusiki.

Maombi ya VCP yapelekwe kabla ya Fomu 5310, kwa sababu afisa wa IRS akiigundua kasoro mwenyewe wakati wa kupitia maombi, mwajiri atatozwa zaidi ya ada hiyo.