Isiolo hadi Moyale: je, gari dogo litafika?

SWALI: Mwezi ujao naenda Moyale na gari dogo, mara yangu ya kwanza. Marafiki wananitisha kuhusu barabara. Niende? – Msomaji, Nakuru

JIBU: Nenda, ndugu yangu. Hao marafiki wanasimulia enzi zangu, nilipokuwa utingo wa lori la ng'ombe: mifugo chini, abiria juu wameng'ang'ania vyuma, vumbi hadi kwenye meno. Springi ikikatika kwenye jangwa la Dida Galgalu, mnalala papo hapo. (Mgongo wangu bado unakumbuka.) Sasa ni lami, takriban kilomita 500.

Jaza tangi Isiolo, kisha Marsabit. Usiendeshe usiku: ngamia hulala kwenye lami yenye joto, na taa za gari haziwashtui. Ukipanda mlima Marsabit asubuhi utakuta ukungu mzito, punguza mwendo.

Usipite tu kama mshale. Archers Post ni kwa Wasamburu, Logologo kwa Warendille, Turbi kwa Wagabra, Sololo kwa Waborana. Simama, salimu, kunywa chai ya maziwa ya ngamia. Kupiga picha, omba ruhusa kwanza. Na kitambulisho kiwe mfukoni, vizuizi vya polisi si vichache.