Wasomaji Wauliza: Mama na Kiti Mwendo, Tufikie Mji Gani wa Pwani Italia?

Dada yetu anaishi Bologna na ametualika Juni mwakani. Mama ana miaka 70, alipata kiharusi na upande wa kushoto umelegea. Anasimama akishikwa, ila ngazi hapandi hata mbili. Anatamani wiki moja kando ya bahari. Wajukuu wanamwonyesha picha za Positano na Cinque Terre. Tufikie wapi? – Msomaji, Kihesa, Iringa

Picha ni nzuri, lakini miji hiyo imening'inia kwenye miamba. Positano ni ngazi tupu kutoka barabarani hadi ufukweni. Corniglia, mojawapo ya vijiji vya Cinque Terre, ina ngazi zaidi ya 370 kutoka stesheni hadi kijijini. Kumpeleka mama huko ni sawa na kumpangia chumba juu ya jiwe la Gangilonga, kisha kumwambia akaoge Ruaha Mdogo.

Tazameni upande wa Adriatic, kaskazini mashariki: Grado, Lignano Sabbiadoro, Bibione, Lido di Jesolo, Rimini, Riccione. Pwani yote hiyo ni tambarare, ufukwe ni mchanga, na kina cha maji huongezeka polepole. Kwa kuwa dada yuko Bologna, sisi tungefikia Rimini bila kusita. Treni ya mkoa huchukua saa moja hadi saa moja na nusu, na treni mpya za Rock na Pop zilizoanza kutumika Emilia-Romagna mwaka 2019 zina sakafu ya chini mlangoni. Kutoka stesheni ya Rimini hadi Riccione kuna basi la umeme liitwalo Metromare. Lina njia yake lenyewe, na kiti huingia bila kunyanyuliwa.

Kabla ya kulipia chochote, pimeni kiti cha mama. Upana upimwe kwenye bangili za nje anazoshika kusukumia, si kwenye kalio. Urefu upimwe kuanzia nyuma ya gurudumu hadi ncha ya kikanyagio cha mguu. Nafasi ya kiti kwenye treni za Ulaya imepangwa kwa kiti cha upana wa sentimita 70 na urefu wa sentimita 120. Vile viti vya magurudumu matatu vinavyotusaidia kwenye barabara zetu za vumbi mara nyingi huzidi urefu huo. Mama akiwa na cha aina hiyo, aazime cha kawaida kinachokunjika.

Hotelini ndiko watu wengi wanakokwama. Hoteli nyingi za Rimini ni za kifamilia, zilijengwa zamani, na lifti zake ni finyu. Kanuni za ujenzi za Italia za mwaka 1989 zinataka lifti inayowekwa kwenye jengo la zamani iwe na chumba cha sentimita 80 kwa 120 na mlango wa 75. Lifti zilizotangulia kanuni hizo zinaweza kuwa ndogo zaidi. Kanuni hizo hizo zinadai vyumba viwili vinavyofikika kwa hoteli ya hadi vyumba 40, na viwili vingine kwa kila 40 vinavyoongezeka. Kwa hiyo msione haya kuuliza. Jibu la "tunayo lifti" msiliridhie: kuna hoteli ambazo lifti ipo, ila kuifikia lazima upande vidato vitatu vya mlango wa mbele. Dada aandike kwa Kiitaliano aombe "camera per disabili", yaani chumba cha watu wenye ulemavu, yenye "doccia a filo pavimento", yaani bafu ambalo sakafu yake haina kizingiti, na atake vipimo vya mlango wa lifti na wa choo kwa sentimita.

Aombe pia picha ya choo. Beseni la bidet, la kunawia baada ya haja, ambalo Waitaliano hawaachani nalo, mara nyingi hukaa kando ya choo, palepale ambapo kiti mwendo kingesimama. Na kwa kuwa mkono wa mama wenye nguvu ni wa kulia, chuma cha kushikia kiwe kulia kwake akiwa ameketi. Chuma cha kushoto hakitamfaa kitu.

Ufukweni, Rimini imegawanywa katika vituo vinavyoitwa "bagno", kila kimoja na namba yake. Mnalipia mwavuli na vitanda. Sheria namba 104 ya mwaka 1992 inataka vituo vyenye leseni viweze kufikiwa na watu wenye ulemavu, lakini kufikika kwenye karatasi kunaweza kumaanisha njia ya ubao inayoishia kwenye miavuli, na maji bado yako mbali. Ufukwe wa Rimini ni mpana, mahali pengine unakaribia mita 200, kwa hiyo swali ni moja: "Njia ya ubao inaishia mita ngapi kabla ya maji?" Bendera ya Buluu, alama ya ubora wa fukwe, nayo isiwalaghai. Inadai angalau ufukwe mmoja wa halmashauri uwe na miundombinu ya walemavu, si kila ufukwe.

Ulizeni kama wana "sedia JOB", kiti cha magurudumu mapana kinachopita mchangani na kuingia majini. Hakijisukumi, kinahitaji mtu mwenye nguvu, na kumhamisha mama kutoka kiti chake kunahitaji wawili, mmoja akisimama upande wake wa kushoto. Asiachwe peke yake hata kwenye maji ya magotini, maana wimbi dogo linatosha kukiinamisha. Na mguu uliopoteza hisia uvishwe kiatu cha maji: mchanga wa saa saba mchana unaunguza, naye hatasikia mpaka malengelenge yatokee.

Kuhusu treni, msaada wa kupanda na kushuka hutolewa bure na ofisi za Sala Blu. Ombeni angalau saa 24 kabla. Juni ni chaguo zuri. Katikati ya Agosti Waitaliano wote wako ufukweni, na baada ya katikati ya Septemba vituo vingi huanza kung'oa njia za ubao.

Bima ya viza ya Schengen lazima ifikie euro 30,000. Someni kipengele cha maradhi ya awali, kwa sababu bima nyingi huyaondoa, na kiharusi cha mama ni mojawapo.

Kiti changu ni cha umeme. Nitaruka kutoka Songwe hadi Dar es Salaam, kisha Italia. Betri itanizuia? – Msomaji, Uyole, Mbeya

Inategemea aina. Betri ya jeli isiyomwagika kwa kawaida hubaki kwenye kiti, ikiwa imefungwa imara na umeme umekatwa ili kiti kisijiwashe. Ya lithiamu inayochomoka hutolewa na kubebwa nawe ndani ya ndege, isizidi Wh (wati-saa) 300, au mbili zisizozidi Wh 160 kila moja. Hesabu ni volti mara Ah (ampea-saa): volti 24 kwa Ah 10 ni Wh 240, inapita. Volti 24 kwa Ah 20 ni Wh 480, haipiti.

Toa taarifa saa 48 kabla kwa kila shirika utakalotumia, pamoja na uzito wa kiti na kimo chake kikikunjwa. Ukiruka na ndege ya panga (propela), mlango wa mizigo ni mdogo, na kiti kisichopita hapo kitaachwa Songwe. Sema pia kiwango chako cha msaada kwa herufi za mashirika ya ndege: WCHR ni anayepanda ngazi lakini hatembei mbali, WCHS hapandi ngazi, WCHC hatembei kabisa. Ukiandikiwa WCHR kimakosa, utaletewa ngazi.

Umeme wa Italia ni volti 230 kama wetu, ila matundu ya soketi ni ya duara. Nunua adapta Dar es Salaam.

Natembea kwa magongo mawili. Nikodi gari nikiwa Rimini? – Msomaji, Njombe

Hapana. Maegesho ya walemavu yanahitaji kadi ya buluu ya Ulaya, ambayo huna, na katikati ya miji mingi kuna eneo la ZTL, lisiloruhusu magari yasiyo na kibali, ambako kamera hupiga picha namba ya gari na faini humfuata aliyekodi. Tumia treni na basi. Ravenna, yenye majengo ya mozaiki yaliyoingia Urithi wa Dunia mwaka 1996, inafikika kwa treni kutoka Rimini, na katikati yake ni tambarare.

Beba raba za akiba za magongo, kwa maana mchanga na ubao wenye maji huzilainisha haraka. Mwavuli uchukue ulio jirani kabisa na njia ya ubao. Safu ya mbele karibu na maji ina bei zaidi, ila kwako inafaa kulipia.