Wadogo zangu mawakili, msikubali kufungiwa kwenye talaka peke yake

Wasichana wengi wanaomaliza sheria chuo kikuu pale Tunguu, hapa kwetu Zanzibar, wananiuliza suala moja, dada nimepata ofisi lakini kazi zote ni talaka na matunzo ya watoto, faili la ardhi silioni hata jalada lake. Mie nimepita humo humo. Ofisi niliyoanzia, kesi ya Mahkama ya Kadhi ikija moja kwa moja mezani kwangu, ati mambo ya ndoa mwanamke ndo anayajua, viwanja wanapewa mabwana na pesa nzuri iko huko huko kwenye viwanja.

Lakini kazi ya kadhi msiidharau, ndo mlango wenyewe. Sheria ya Mahkama ya Kadhi namba 9 ya 2017 imeingiza mpaka mgawanyo wa mali za wanandoa kwa mchango wa kila mmoja, sasa talaka ina nyumba ndani yake, nyumba ina kiwanja, na kiwanja mara nyingi kina shemeji anadai ni cha marehemu baba yao. Hapo usingoje kuitwa, mwambie bosi huyu mteja wangu ananiamini, na la kiwanja naliendesha mie, akikataa omba japo uwe wa pili kwenye faili. Ila uwe ushasoma, Sheria ya Umiliki wa Ardhi namba 12 ya 1992 na ile ya Mahkama ya Ardhi namba 7 ya 1994, usiende kuomba mikono mitupu.

Na kwetu Pemba kuna faida ambayo mabwana hawaisemi. Kesi za eka tatu, yale mashamba serikali iliyowagawia watu baada ya Mapinduzi, na za mikarafuu zinasimama kwa mashahidi, na anaejua mkarafuu upi kaupanda nani mara nyingi ni bibi alieko jikoni, ambae wakili mwanamme anaishia barazani kwa mumewe. Wewe unaingia mpaka ndani, unakaa kwenye kibao cha mbuzi, unatoka na ushahidi.

 

Masuala ya mshahara tutaongea siku nyengine maana hilo lina moto wake, kwa sasa hebu angalieni faili zenu za kadhi, ipi ina kiwanja ndani, na kesho asubuhi muingie kwa bosi kabla hajampa mtu mwengine.