Kabla ya kupanda mikoko, yajue maji kwanza

Tulipanda miche elfu mbili ya mikoko asubuhi moja, kikundi chetu cha vijana na akina mama, kwenye hori, yaani mkono wa bahari unaoingia bara, la kijiji chetu huku Kwale, pwani ya Kenya. Tulichagua tope lililo wazi mbele ya msitu kwa sababu palionekana patupu, na mfadhili alitaka picha. Miezi sita baadaye nilirudi kuhesabu. Haikufika hamsini. Hata hiyo iliyobaki ilikuwa imegandwa na vijigamba vyeupe, vigumu kama jiwe, kuanzia chini hadi kwenye jani la kwanza.

Bibi mmoja anayeokota chaza pale alituambia jambo ambalo hakuna aliyemuuliza mapema: "Wajukuu zangu, hapo siku za maji mafu hapakauki. Mkoko utapumua saa ngapi?"

Kosa letu lilianzia kwenye kalenda. Tulikwenda siku ya bamvua, siku ambazo bahari hujaa sana na kupwa sana, maji yamekupwa mbali kabisa, tukadhani tope lote ni mahali pa kupanda. Wiki moja baadaye, yalipoingia maji mafu, siku ambazo bahari haipwi mbali, miche ikakaa ndani ya maji mchana na usiku. Mkoko huvumilia chumvi, lakini mche mchanga unahitaji saa za kutosha nje ya maji. Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza: nenda mahali hapo siku ya bamvua, kisha urudi siku ya maji mafu, kabla hujaokota mbegu hata moja.

Tazama pia kila aina ya mikoko inaishi wapi. Mlilana hukaa mbele, unapigwa na mawimbi. Aina iitwayo mkoko wenyewe hufuata nyuma yake na kando ya mikondo. Mkandaa hupenda juu zaidi, kuelekea wangwa, ule uwanja mtupu wa chumvi nyuma ya msitu. Mchu utauona mbele na nyuma pia, kwa hiyo usiutumie kama kipimo. Sisi tulipanda mkoko mahali ambapo hata mlilana ulikuwa umekataa kuota.

Na lile tope halikuwa tupu. Hapo ndipo akina mama huokota chaza, na ndege wanaotoka Ulaya na Siberia hulisha msimu wa kaskazi. Mbele kidogo kuna nyasi za baharini wanamokulia samaki wadogo kama chaa na tasi. Kama miche yetu ingeshika, tungekuwa tumewaharibia wenzetu jikoni. Jambo hili linaniuma kuliko miche iliyokufa.

Mwaka uliofuata hatukupanda. Nyuma ya msitu palikuwa na kipande kilichokauka, chumvi juu, magogo yamesimama bila majani. Wazee walikumbuka mkondo uliopita hapo kabla haujazibwa na mchanga na takataka. Mikoko ya Kenya ni msitu wa serikali, usitie jembe bila ruhusa ya Huduma ya Misitu (KFS). Tulipopata ruhusa tukauzibua kwa majembe na karai, siku nne. Bamvua la kwanza lilipoingia lilileta maji, na pamoja na maji zikaja mbegu. Leo mikandaa pale imenifika magotini, na hakuna hata mmoja uliopandwa kwa mkono.

Watu wengi hunitajia Gazi, ghuba nyingine ya hapa Kwale, kama mfano wa upandaji uliofaulu, na wana haki. Mikoko ya ghuba ile ilikatwa sana miaka ya 1970 kuwa kuni za tanuri za chokaa na matofali, na upandaji wa kitafiti ulianza miaka ya 1990. Tangu 2013 mradi wa Mikoko Pamoja unauza hewa ya kaboni, yaani unalipwa kwa kaboni ambayo msitu unaifyonza na kuihifadhi, na vijiji vya Gazi na Makongeni vimepata maji na misaada ya shule. Lakini katika hekta zake 117, sehemu kubwa mno ni msitu wa asili unaolindwa. Iliyopandwa ni kidogo. Wageni hupiga picha miche. Kazi yenyewe ni ulinzi.

Angalia na juu mtoni. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilishusha udongo mwingi hori la Mwache, karibu na Mombasa, mizizi ikafukiwa, mikoko ikafa kwa wingi. Kama mashamba ya bara yanamomonyoka, kikundi cha pwani peke yake hakitoshi. Zungumzeni na wakulima.

Ukiandika ombi la fedha, usiandike idadi ya miche. Andika walinzi, mtumbwi, na kuhesabu kwa miaka mitatu. Mfadhili akikataa, ni afadhali mkae bila fedha zake. Na kwenye bajeti weka posho ya yule bibi wa chaza, sawa na ya mtaalamu kutoka mjini, siku ya kwanza kabisa ya kukagua eneo.